Uzi Mwekundu Nilioukata

Mwanangu Mogga hakuuawa na dawa ya Kongo. Naandika hili mwanzo kabisa ili usisome ukimtafuta mchawi. Aliuawa na umeme uliopita kwenye nyuzi za gita yake ndogo, na umeme ulipita hapo kwa sababu mimi, mama yake, nilikata uzi bila kuuliza ni wa nini. Kwa kosa hilo mtu mwingine alikaribia kufa. Kama una kijana nyumbani anayechezea waya na redio, kaa nikueleze, na ukimaliza msomee jirani asiyejua kusoma.

Sisi ni watu wa Koboko, karibu na mpaka wa Zaire. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 tulirudi nyumbani kutoka kambi ya jeshi, na mwaka uliofuata, jeshi jipya lilipotufuata, tukakimbilia Zaire na sufuria mbili na blanketi. Lado, kifungua mimba wangu, alipigwa risasi kabla hatujafika mpakani. Tulimfunika kwa majani, hatukupata nafasi ya kuchimba. Loro, wa tatu, alichukuliwa na surua kwenye kambi ya wakimbizi. Mume wangu naye alikohoa mpaka akafa huko huko, mwaka wa nne wa ukimbizi. Nilirudi Koboko na watoto wawili, Mogga na mdogo wake Paska.

Sasa unaelewa kwa nini nilimlinda Mogga namna ile. Wenzake walikwenda Ariwara, ng'ambo ya mpaka, kununua mafuta ya taa na kuyauza huku, mimi nikamkataza. Wengine walipanda juu ya malori ya tumbaku, nikamkataza. Alifika miaka ishirini na mbili na bado nilikuwa namwuliza anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Alinijibu kila mara, hakuchoka. Alikuwa kijana wa kujibu.

Gita ile alipewa kambini na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ndogo, unaibeba kwapani, nyuzi nne tu, za plastiki. Mwalimu aliiita ukulele. Sisi tuliiita toto la gita. Niliipenda kwa sababu ilimweka nyumbani. Nikiwa shambani na kuisikia, nilijua mwanangu yuko wapi.

Mwaka 1990 ukoo ulikubali kufanya sala ya kumbukumbu ya mume wangu, maana alizikwa ugenini bila ndugu zake. Mkubwa wa jambo alikuwa Abiriga, mdogo wa marehemu, aliyebaki kama baba wa nyumba zetu zote. Mogga akatunga wimbo wa kutaja kila mahali baba yake alipopita: kambi, barabara, mto, mpaka kaburi lile la Zaire. Siku ya kujaribu, ngoma ilipoanza, toto la gita likapotea kabisa. Ulimwona Mogga anakuna nyuzi tu, kama mtu anayejikuna upele.

Abiriga akacheka. "Mogga, hiyo kitu yako iko nalia kweli, ao ni mbu?"

"Baba mdogo, ngoma iko mbele sana."

"Ngoma hapana tatizo. Baba yako alikuwa na sauti ya kuita lori. Wewe unamwimbia na sauti ya kifaranga?"

Watu wakacheka, na Mogga naye akacheka, lakini niliona shingo yake imeshuka. Mimi ndiye niliyemwambia jioni ile twende Arua tukatafute fundi. Ndiyo, ni mimi. Nilitaka wale wote waliosema kuwa mume wangu alikufa kama mbwa wasikie jina lake mpaka barabarani.

Fundi aliitwa Gustave. Alikuwa Mkongo, mtu wa Zaire, alihamia Arua na mkewe Kavira baada ya vita, na chumba chake kilikuwa nyuma ya soko. Redio zilijaa mpaka chini ya kitanda. Nilikwenda na Mogga kwa sababu sikutaka apande lori peke yake, na pia, nikubali, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwetu juu ya Wakongo. Walisema wana mkono mzuri kwa mashine kwa sababu wana dawa. Niliketi kwenye kibao nikamkodolea macho Gustave kila aliposhika kitu.

Alikuwa mtu wa utani. Alipiga toto la gita kidole kimoja, akaliweka sikioni. "Huyu ni mwana wa mbuzi. Analia, lakini mutu wa pili hasikii. Tutamutia sikio ndani ya tumbo."

Akatoa kipande cha simu ya zamani, kile cha kusikilizia, kutoka simu moja iliyoibwa ofisini siku za vita. Ndani yake kulikuwa na sumaku ndogo imezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Alisema hicho kitasikia nyuzi zikitetemeka na kupeleka sauti kwenye redio. Lakini sumaku haisikii plastiki. Kwa hiyo alizitoa nyuzi zile nne, akafumua waya wa breki ya baiskeli, akachagua nyuzi nne nyembamba za chuma akazikaza polepole, huku ubao ukilia kwa uchungu. Mogga alifumba macho.

Kisha mkono wa Gustave haukuingia kwenye tundu la gita. Wa Mogga nao haukuingia. "Mama Mogga," Gustave akasema, "leta vidole vyako, visiwe vya kusonga ugali tu." Kavira akacheka kwa sauti. Basi ni mimi niliyeingiza kile kipande ndani, nikakibana chini ya ubao mahali Gustave aliponionyesha kwa kugongagonga juu, na nikakishikilia mpaka gundi ya viraka vya baiskeli ikakauka. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi nilipovitoa.

Wakaunga waya kwenye redio kubwa ya zamani ambayo tungeibeba mpaka Koboko, ile yenye taa za kioo ndani, na spika kama sinia. Mogga akagusa uzi mmoja. Ewe mama! Sauti ilijaza chumba, mpaka mwanamke aliyeuza nyanya nje akageuka. Lakini alipoachilia mkono, redio ikanguruma kama pikipiki. Gustave akasema hilo ni jambo dogo. Akaunga waya mwingine kutoka kwenye chuma cha redio mpaka kwenye nyuzi zenyewe za gita, na kelele ikaisha. Mogga alikuwa anachekacheka kama mtoto wa miaka sita.

Nikatoka kwenda sokoni kununua chumvi na sukari za wageni. Ni wakati huo, nikiwa sipo, Gustave alipomweleza mwanangu jambo kubwa kuliko yote.

Redio ile haikuwa na plagi. Waya wake wa umeme uliishia na ncha mbili wazi, na ulizisukuma kwenye matundu ya soketi ukazibana na njiti za kiberiti, kama tulivyofanya wote miaka ile. Redio za namna hiyo, ncha moja ya umeme imeshikana na chuma chake. Ukiitia tundu hili, chuma kimelala. Ukiitia tundu la pili, chuma kina umeme, na kwa waya ule wa kuondoa kelele, nyuzi za gita nazo zina umeme. Kwa hiyo Gustave alifunga uzi mwekundu, mafundo matatu, kwenye ncha moja. Alimwambia Mogga: yenye uzi, tundu la kulia la jenereta ya Umaru. Umaru ndiye mfanyabiashara wa Koboko tuliyeazima jenereta yake, na Gustave aliijua, alikuwa ameitengeneza yeye.

Mimi uzi ule niliuona Ijumaa, siku moja kabla ya sala. Mogga alikuwa anaoga. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye redio ili ipendeze, nikashika waya, na hapo nikauona: uzi mwekundu, mafundo matatu, mafundo ya mtu aliyefunga kwa nia.

Siku zile mwinjilisti Enoch alikuwa akituhubiria kina mama waliookoka kila Jumatano. Alitufundisha kupekua vitu vya watoto wetu. Ukikuta uzi, alisema, ukikuta fundo, hasa kwenye kitu kilichotoka ng'ambo ya mpaka, kata, choma, usimwulize mtoto maana mtoto amefungwa mdomo. Nilisimama na waya mkononi, mwili ukinisisimka. Nilimkumbuka Gustave akicheka. Nilikumbuka aliponiambia niingize mkono mle ndani ya gita. Nikasema moyoni, hata hapa kwenye kitu kinachomweka mtoto wangu nyumbani, wamemfikia.

Nilichukua wembe nikakata. Nikautupa uzi jikoni kwenye moto, nikasoma zaburi, nikarudi kusonga ugali. Jioni ile nilikuwa na furaha, na usiku nililala usingizi mzito.

Jumamosi mvua ilinyesha mpaka saa sita. Wageni walitoka Omugo, wengine walitoka Arua, na kila mtu alikuwa na matope mpaka magotini. Jenereta iliwekwa pale pale ardhini kando ya ukuta, kwenye maji. Mogga alivua viatu vyake kwa sababu matope yaliving'ang'ania. Akaleta redio, akashika waya wake, akaanza kuugeuzageuza.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sinia ya vikombe mikononi.

"Uzi iko wapi?" akasema. Akatazama chini. Akamwita dada yake. "Paska, umeona uzi mwekundu hapa? Kadogo hivi."

"Uzi ya nini?"

"Ya waya. Nani alishika redio?"

Nikanyamaza. Wewe mama unayesoma, hapa ndipo. Siyo pale kwenye wembe. Nilipomwona mwanangu anatafuta ule uzi kwenye matope kwa macho ya wasiwasi, sikufikiri kwamba anatafuta alama. Nilifikiri: kweli ilikuwa dawa, tazama anavyoililia. Nilifikiri nimewahi kumwokoa. Nikasema moyoni asante Yesu, nikageuka kugawa vikombe.

Abiriga akaja, amevaa koti lake la sikukuu. "Mogga, watu wanangoja. Padri alimaliza sala, ngoma imelala. Nini?"

"Baba mdogo, kidogo. Nataka jua waya gani inaenda kulia."

"Waya ni waya! Mbili kwa mbili. Lete hapa."

"Ngoja, fundi alisema..."

"Fundi iko Arua. Mimi niko hapa." Akamnyang'anya waya kwa mzaha, kama mjomba anavyomnyang'anya mtoto muwa, akasukuma ncha mbili kwenye matundu, akazibana na njiti. Redio ikawaka. Spika ikavuma. Watu wakapiga makofi, na Abiriga akainua mikono kama mtu aliyefunga bao. "Umeona? Imba sasa."

Mogga akatazama waya mara moja zaidi. Kisha akainama, akachukua toto la gita, na mkono wake wa kushoto ukashika nyuzi.

Sauti iliyotoka ilikuwa moja tu. Alikaza shingo, akasimama juu ya vidole vya miguu, na kifua kikaanza kutetemeka. Wanawake wawili wakapiga vigelegele, walidhani ndivyo anavyoanza. Mimi pia nilitabasamu. Paska ndiye aliyepiga kelele kwanza. Kijana mmoja akamrukia kumvuta, akarushwa chini. Jenereta ilipozimwa, Mogga alianguka kifudifudi juu ya gita, na mkono ule ulikuwa bado umeshika.

Tulimfungua vidole kimoja kimoja.

Tulimzika kesho yake, Jumapili. Kwetu, kabla udongo haujarudi, lazima mtu wa ukoo asimame aseme marehemu amekufaje. Haisemwi hovyo, maana ikishasemwa kaburini imekuwa hivyo. Abiriga akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mtoto alikuwa mzima, hana ugonjwa, hana adui nyumbani. Alisema alikwenda Arua kwa Mkongo, na Mkongo akatia kitu ndani ya gita, na kitu hicho kimemla.

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa nimekaa chini kati ya wanawake. Nikasimama. Nikasema yote: uzi, wembe, moto, na vile nilivyonyamaza alipouliza. Nikasema kwamba alikuwa anautafuta ili asife, sasa naelewa, na kwamba mimi ndiye niliyeuficha.

Kisha mzee mmoja akauliza, "Uzi mwekundu?"

"Ndiyo."

"Mafundo ngapi?"

"Matatu."

Wakatazamana. Abiriga akasema polepole, kwa huruma, "Mumesikia. Mama mwenyewe amesema. Mkongo alifunga dawa, yeye akakata, dawa ikakasirika." Maneno yangu mwenyewe! Nilitaka kupiga kelele lakini wanawake walinikalisha, wakanishika mikono, wakisema uchungu umeniingia kichwani. Udongo ukarudi. Vijana sita walikuwa wameshapanga kwenda Arua kesho yake.

Alfajiri nilimwomba dereva wa lori la tumbaku anipakie. Nilikuwa na kichwa kilichonyolewa na vumbi la kaburi bado kwenye kanga. Mwanangu nilimkataza kupanda malori miaka yote, na sasa ni mimi niliyekaa juu ya marobota.

Gustave alikuwa anafungua mlango. Aliponiona kichwa akajua, akakaa kwenye kizingiti. Nilimweleza nimesimama. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Alikuwa na viatu?"

"Hapana."

"Nilimwambia viatu." Akajifuta uso. "Mama, ule uzi nilitoa kwa nguo ya Kavira. Uzi wa nguo tu. Hakukuwa kintu."

Kavira alikuwa tayari anatupa sufuria kwenye mfuko. "Twende, Gustave. Ariwara, leo hii. Hao batu hawakuji kuuliza."

"Nikikimbia nimekubali," Gustave akasema. "Na redio za watu?" Kisha akanitazama na kusema jambo lililonikata: "Nami nina kosa. Redio ya namna ile hapana ya kufunga na mutu. Nilijua. Kelele tu, ningeacha kelele."

Wakaja saa nane, wakati umeme wa mji umerudi. Vijana sita na Abiriga, fimbo, na dumu moja la mafuta ya taa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, miguu nimeinyosha, huwezi kuingia bila kunikanyaga.

"Shemeji, toka hapo," Abiriga akasema.

"Nikanyage."

"Usinifanye nikuguse, na kichwa hiki cha msiba."

"Basi usiguse. Tazama kwanza. Ukishatazama, choma."

Gustave alitoka akiwa na redio nyingine ya namna ile ile. Alifunga kipande cha uzi kwenye ncha moja ya waya wake. Alichimbia msumari mrefu kwenye matope ya mlangoni, akafunga balbu kati ya msumari na chuma cha redio. Akasukuma ncha za waya kwenye soketi. Balbu ikabaki giza. Akazitoa, akazigeuza, akasukuma tena. Balbu ikawaka, mchana kweupe, mbele yao wote.

"Fanya tena," kijana mmoja akasema.

Akafanya tena. Giza. Geuza. Ikawaka. Kijana yule akaomba azigeuze mwenyewe, na Gustave akampisha. Giza, na mwanga. Wakaanza kunong'ona. Hakuna aliyeuliza dawa iko wapi.

Abiriga hakusogea. Alikuwa anatazama mikono ya kijana inavyosukuma zile ncha na kubana njiti. Nilimwona anavyoitazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alijua mimi namwona, na alijua ninachoweza kusema mbele ya wale vijana, kwamba waya uliingizwa na nani. Alinitazama, na macho yale yalikuwa ya mume wangu kabisa, alipokuwa anaomba maji siku za mwisho.

Ningesema, wangemgeukia yeye. Angebaki nani wa kuwa baba wa Paska?

"Kwa hiyo ni uzi," Abiriga akasema. "Kama uzi ungekuwepo, angeishi."

"Angeishi," nikasema.

"Basi ni wewe uliyemuua."

"Ndiyo. Ni mimi. Semeni hivyo nyumbani."

Walikaa kidogo, hawakujua wafanye nini na lile dumu. Mmoja akampa Kavira mafuta, naye akayapokea. Kisha wakaondoka kuelekea barabara ya Koboko, na Abiriga alikuwa wa mwisho, anatembea kama mzee.

Ukoo ulikaa. Yakasemwa tena kaburini, sawasawa safari hii, na jina lililotajwa lilikuwa langu. Hawakunipiga. Waliniambia nirudi kwa kaka yangu, kijijini Ajia, na Paska abaki kwao, maana mwanamke aliyekata maisha ya mtoto mmoja hawezi kupewa wa pili. Nilifunga nguo zangu. Paska hakutoka ndani kuniaga, alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa ameambiwa yote.

Sasa ni miaka mitano. Nimesikia ameolewa, ana mtoto wa kike. Sijamwona. Gustave na Kavira nao walihama baada ya mwaka, sijui wako wapi. Hapa Ajia watu wana redio za betri tu, lakini vijana wameanza kuleta jenereta za harusi, na nikiona nyaya zimesukumwa kwa njiti za kiberiti nakwenda kumwuliza mwenyewe, ncha ipi ni ipi, nani amefunga, amevaa viatu? Wananiita mama wa waya. Waniite.

Wewe uliza. Ukikuta kitu usichokijua kwenye vitu vya mwanao, hata kama mhubiri amekukataza, hata kama wageni wanangoja chai, mwite mwenyewe umwulize hiki ni nini. Na akikuuliza kimekwenda wapi, sema. Mogga angenijibu. Angetoka bafuni na sabuni masikioni, angenicheka, na angenijibu.